Baba Alikuwaga Kyusii

Nyumbani kwetu Nyakato, siku ilianza kwa ukaguzi. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla sijafunga hata kamba za viatu vya shule, baba alikuwa ameshasimama mlangoni mwa jiko. Alivaa koti lake jeupe na gambuti nyeupe, mikono ameiweka nyuma, anasubiri nimalize kuosha vyombo ili avikague.

“Sahani hii hapiti,” alisema akiinusa. “Ina harufu ya sabuni.”

“Baba, si nimeiosha kwa sabuni?”

“Hukuisuuza vizuri. Rudia. Na hiki kikombe nacho hapiti.”

Jamani! Hebu niambieni, mtu unafanyaje na baba wa namna hiyo? Kila kitu kwake kilikuwa “hapiti”. Ufagio hapiti, maziwa hapiti, masikio ya mdogo wangu Magesa hapiti. Alishazoea kulisema neno hilo kwa samaki, na hakuona sababu ya kulibadilisha kwa ajili ya sahani. Nikirudia kuosha, nachelewa shule. Nisiporudia, natembea na maneno yake masikioni hadi darasani.

Kwa miaka kumi na minne baba alikuwa mkaguzi wa ubora katika kiwanda cha minofu ya samaki hapa Musoma. Sangara walishushwa kutoka kwenye mitumbwi, yeye akawatazama macho, akawabonyeza kwa kidole, akawanusa, kisha akasema nani apite na nani asipite. Pale kiwandani walikifupisha cheo chake kwa herufi mbili za Kiingereza, Q na C, wakamwita Kyusii. Mji mzima ukafuata. Muuza mkaa alimwita Kyusii, mchungaji kanisani alimwita Kyusii, na mimi mwenyewe niliitwa mtoto wa Kyusii tangu nilipojifunza kutembea.

Kisha sangara wakapungua ziwani, kiwanda kikasimamisha kazi, na siku moja wafanyakazi wakakuta kufuli getini. Miezi saba ilipita. Watu wengine wa kiwandani walirudi vijijini, wengine wakaendesha bodaboda. Baba yeye alikuja na koti na gambuti zake, akageuza nyumba yetu kuwa kiwanda.

Si kwamba hakujaribu. Alikwenda Butiama kwa bibi, mama yake mzazi, kuona kama ataweza kukaa na ng'ombe. Siku ya tatu alirudi. Alikuwa amemwambia bibi kwamba kibuyu chake cha maziwa hapiti, na bibi, ambaye amekamua ng'ombe tangu kabla baba hajazaliwa, alimfukuza zizini. Alikwenda pia Bunda, kwenye kiwanda cha kuchambulia pamba, akaomba kazi ya ukaguzi. Walichukua namba yake ya simu wakamwambia watampigia. Tangu siku hiyo simu haikutoka mkononi mwake, hata akienda kuoga aliiweka juu ya ukuta wa bafu.

Mama ndiye aliyekuwa akitulisha kwa cherehani yake, pale mtaa wa Mukendo. Alirudi jioni mgongo unamuuma, anamkuta baba sebuleni anawasimulia wageni, “Mimi nilikuwaga Kyusii. Nilikuwaga nakataa samaki mpaka wenye mitumbwi wanalia.” Nilikuwaga, nilikuwaga, nilikuwaga. Nilichoka na lile neno kuliko nilivyochoka na vyombo.

Siku moja mwalimu wetu wa darasa la sita, Mwalimu Mwamvita, alitugawia fomu za taarifa za wanafunzi. Mwalimu Mwamvita alikuwa mgeni, amehamia kutoka Tanga muhula ule ule, na alikuwa mkali sana kwa Kiswahili. Ukisema “nilikuwaga” mbele yake, unarudia sentensi mara tatu umesimama. Alipita akisoma fomu zetu kwa sauti.

“Rhobi Stanslaus,” alisema alipofika kwangu. “Kazi ya mzazi: mkaguzi wa ubora kiwandani. Ahaa! Kazi nzuri hiyo.”

Ndiyo, niliandika hivyo. Mngetaka niandike nini? Kukagua sahani?

Twalib, anayekaa dawati la nyuma yangu, akadakia. “Mwalimu, kile kiwanda si kimefungwa? Baba yake yupo tu nyumbani.”

Darasa likacheka. Ningenyamaza, mambo yangeishia pale, lakini mdomo wangu haukuningoja.

“Amepata kingine,” nilisema. “Bunda. Anaripoti Jumatatu.”

Yasmin, rafiki yangu ninayekaa naye dawati moja, alinikanyaga mguu chini ya meza. Yeye anaishi nyumba ya pili kutoka kwetu, anajua kila kitu. Nikamkanyaga na mimi.

“Hongera sana!” alisema Mwalimu Mwamvita, na macho yake yaling'aa kweli. “Basi kabla hajaondoka namwomba aje atufundishe namna ya kutambua chakula kilichoharibika. Ni mada yetu ya sayansi. Namba ya mama yako ninayo hapa, nitampigia.”

“Mwalimu, usijisumbue, yuko bize sana,” nilisema haraka.

“Kupiga simu si usumbufu,” alisema, akasonga mbele kwa mwingine.

Wakati wa mapumziko Yasmin alinivuta pembeni. “Wewe Rhobi una akili kweli? Nenda sasa hivi ukamwambie mwalimu umedanganya.”

“Atasahau,” nilimjibu. “Walimu wana mambo mengi.”

Mwalimu Mwamvita hakusahau. Alimpigia mama siku ileile, wakati mama yuko kwenye cherehani na redio ya jirani inapiga kelele. Nilichokikuta nyumbani jioni sitakisahau. Mama alikuwa ameshika mabega ya baba anamtikisa, anacheka na kulia kwa pamoja.

“Baba Rhobi, umepata! Bunda wamekuchukua! Unaripoti Jumatatu!”

“Nani kasema?” aliuliza baba.

“Mwalimu wa Rhobi kanipigia kunipa hongera, mengine redio ya jirani ikayameza. Walimu wanajuana huko, habari zimeshafika. Wewe wamekutafuta hukupatikana, si unajua simu yako hiyo inavyozimika?”

Baba aliitazama simu yake, akaipigapiga kwenye kiganja. “Ndiyo maana,” alisema polepole. “Nilijua tu watanitafuta. Mkaguzi ni mkaguzi, iwe samaki, iwe pamba.”

Nilisimama mlangoni na mkoba mgongoni. Huo ndio ulikuwa wakati wa kusema. Maneno yalikuwa machache tu: mama, nimedanganya. Lakini baba alikuwa anatabasamu, na sikuwa nimeliona tabasamu lile kwa miezi saba. Nikasema moyoni nitasema kesho. Kesho yake mama alichinja kuku, majirani wakaja kutoa hongera, nikasema nitasema Jumapili. Jumapili kanisani mchungaji alimwombea baba safari njema. Nilitamani sakafu ipasuke niingie.

Jumatatu alfajiri mama alimpigia baba koti pasi. Nilimsindikiza hadi barabarani nikiwa nimembebea mfuko wa gambuti. Nilifungua mdomo mara mbili.

“Rhobi,” baba alisema kabla sijatoa neno, “najua nimewasumbua. Nilikuwa sijui nifanye nini na mikono yangu. Umekuwa mtoto mzuri kunivumilia.”

Akachukua mfuko wake, akapanda gari la Bunda, akanipungia mkono dirishani. Nilibaki pale nikijitukana kwa maneno yote ninayoyajua. Mjinga wewe Rhobi, mjinga wa mwisho.

Alirudi saa kumi jioni. Gambuti zilikuwa na matope, koti limekunjwa chini ya kwapa. Aliingia, akakaa kwenye kigoda, hakumsalimu mtu. Mama alikuwa amefunga kazi mapema ili amsubiri, na sasa alisimama katikati ya chumba na kikombe cha chai mkononi.

“Vipi, Baba Rhobi? Mbona mapema hivi?”

“Hakuna kazi,” baba alijibu.

“Hakuna kazi vipi?”

“Mlinzi wa getini aliniuliza, wewe ni nani? Nikamwambia mimi ni Kyusii. Akauliza, Kyusii ndiyo nani? Nikasema nilikuwaga Kyusii wa samaki, nimekuja kuripoti. Akatazama orodha yake, sipo. Akawaita wenzake waje waone mzee aliyekuja kukagua samaki kwenye pamba.” Baba aliinama akavua gambuti moja. “Walicheka sana. Aliniuliza mara ya pili, sasa wewe mzee ni nani hasa? Nikakosa jibu, Mama Rhobi. Nilisimama pale na gambuti zangu, nikakosa jibu.”

Mama aliweka kikombe chini kwa kishindo. “Huyu mwalimu atanitambua! Anawachezea watu akili? Lete simu hapa, leo atanijua mimi ni nani!”

Alianza kutafuta namba. Mwalimu Mwamvita hakuwa na kosa lolote. Nikaona kabisa kwamba nisiposema sasa hivi, mama atamtukana mtu asiye na hatia, na uongo wangu utakuwa umezaa mwingine.

“Mama, usipige,” nilisema. “Ni mimi. Mimi ndiye niliyemwambia mwalimu kwamba baba amepata kazi Bunda.”

Mama aliishusha simu polepole.

“Rhobi! Ulijua tangu siku ile? Ukala kuku? Ukakaa kanisani ukasema amina?”

“Nilitaka kusema…”

“Kwa nini?” aliuliza baba. Hakupaza sauti. Angepaza, ningestahimili.

Hapo ndipo nililipuka. Sijui hasira ile ilitoka wapi, maana mwenye kosa nilikuwa mimi.

“Kwa sababu nimechoka!” nilipiga kelele. “Nimechoka na ukaguzi, nimechoka na koti hilo! Kila siku nilikuwaga Kyusii, nilikuwaga Kyusii! Wenzangu wakiulizwa wanasema baba ni mvuvi, baba ni fundi. Mimi niseme nini? Niseme baba yangu ni alikuwaga?”

Mama aliniamuru niende chumbani, nikaenda. Nililia hadi usingizi ukanichukua.

Asubuhi hakukuwa na ukaguzi. Niliosha vyombo peke yangu, na mlango wa jiko ulikuwa mtupu. Mngefikiri nilifurahi. Thubutu! Nilivisuuza mara mbili bila kuambiwa, nikageuka kila dakika kumtazama kama anakuja. Hakuja. Alikuwa bado amelala na uso ameugeuzia ukutani, jambo ambalo sikuwahi kuliona tangu nizaliwe.

Mama ndiye aliyekata shauri. “Inuka,” alimwambia baba. “Mimi siwezi kukaa na watu wawili waliovunjika na cherehani iliyovunjika sindano. Leo mnakwenda wote kwa mwalimu. Mtoto akaseme ukweli kwa mdomo wake, na wewe ukasimame naye kama mzazi. Mengine yatafuata.”

Baba alivaa shati la kawaida na kandambili. Tulitembea hadi shuleni, yeye mbele, mimi nyuma.

Mwalimu Mwamvita alitupokea ofisini. Nilimwamkia, nikasema yote, tangu fomu hadi mlinzi wa Bunda. Sikujitetea. Alinisikiliza hadi mwisho, akakunja uso.

“Umenifanya niwape watu hongera ya uongo,” alisema. “Kesho utasimama mbele ya darasa na kusema ukweli, kwa sababu uongo uliusemea huko huko. Umenielewa?”

“Ndiyo, mwalimu.”

Kisha akamgeukia baba. “Mzee, pole sana. Hata hivyo, somo langu lipo palepale. Njoo Ijumaa, bado nakuhitaji.”

Baba alitikisa kichwa. “Mwalimu, mimi sina kazi sasa. Nilikuwaga Kyusii…”

“Nilikuwa,” Mwalimu Mwamvita alimsahihisha bila hata kufikiri, halafu akaziba mdomo. “Samahani mzee, mazoea. Lakini hata hilo ‘nilikuwa’ mimi silitaki. Kiwanda kimefungwa, sawa. Kwani na pua yako wameifungia mle ndani?”

Baba alimtazama. Akasema atafikiri, akaaga. Niliona kabisa kwamba hatafikiri chochote, anataka kurudi nyumbani akalale.

Tulipita nyuma ya madarasa, kando ya jiko la shule. Mlango wa stoo ulikuwa wazi, na mpishi mkuu, Mama Eunice, alikuwa akichota dagaa kutoka kwenye gunia kwa ajili ya chakula chetu cha mchana. Baba alipita hatua tatu, akasimama. Akanusa. Akarudi nyuma.

“Mama, hao dagaa,” alisema.

“Wana nini?” aliuliza Mama Eunice bila kugeuka.

Baba aliingia stoo bila kukaribishwa, akatumbukiza mkono hadi katikati ya gunia, akatoa konzi. Alimchukua dagaa mmoja akajaribu kumvunja. Dagaa akapinda.

“Dagaa mkavu anavunjika,” alisema. “Huyu anapinda. Na huku ndani wameshika ukungu, tazama huu weupe. Walinyeshewa wakati wa kuanikwa, wakafungwa wakiwa wabichi. Usiwapike.”

Mama Eunice aligeuka, mwiko mkononi. Alikuwa mwanamke mkubwa wa sauti na mwili. “Mimi nimepika hapa miaka tisa! Watoto mia sita wanakula saa sita, unataka niwape nini, hewa? Kyusii, kiwanda kilishafungwa, nenda kapumzike. Kwani wewe hapa ni nani?”

Lilikuwa swali lile lile la getini Bunda, na nilimwona baba akilipokea usoni. Nilidhani atainamisha kichwa na kuondoka. Hata mguu mmoja ulishageukia mlangoni. Kisha akaitazama ile konzi ya dagaa kiganjani.

“Mimi ni Stanslaus Wambura,” alisema. “Mtoto wangu huyu hapa anakula kwenye sufuria hilo. Na samaki mbovu namjua. Twende kwa mwalimu mkuu, wewe ubebe gunia, mimi nibebe maneno.”

Mama Eunice alifoka njia nzima, lakini alikwenda. Mwalimu mkuu alifunua gunia, akaona ukungu kwa macho yake, akaagiza siku hiyo tupikiwe maharage. Yalichelewa kuiva. Tulikula saa nane, darasa zima likininung'unikia mimi, na Twalib akasema familia yetu kazi yake ni kuleta shida.

Kesho yake nilisimama mbele ya darasa. Nilisema, “Nilidanganya. Baba yangu hajapata kazi Bunda. Alipoteza kazi na mpaka sasa hana.” Wachache walicheka, na Twalib akauliza kama huyo ndiye aliyewakamata wale dagaa wabovu. Nikasema ndiye. Akasema, “Basi nisamehe kwa yale ya jana.” Hayo nayo sikuyatarajia.

Ijumaa baba alikuja, bila koti. Alileta sato wawili kwenye beseni, mmoja wa asubuhi ile na mwingine wa juzi. Aliwaita watoto mmoja mmoja wabonyeze. Nyama ya yule mzima ilirudi juu kidole kilipoondoka, ya yule mwingine ilibaki na shimo. Akawafunua matamvua, yale ya kupumulia kichwani, tukaona mekundu ya mmoja na kahawia ya mwingine. Alisahau kabisa kusema alikuwaga nani, kwa sababu maswali yalikuwa mengi mno. Mwalimu Mwamvita naye alibonyeza, akapiga chafya.

Mama Eunice alimsubiri nje. “Wewe mtu msumbufu,” alimwambia, “twende Mwigobero ukamwambie aliyeniuzia.”

Wakaenda. Aliyemuuzia alikuwa mama mmoja anaitwa Jeska, anayeanika dagaa pale ufukweni na wenzake. Alimjibu baba kwa ukali kwamba mvua haimwombi yeye ruhusa, na dagaa wote wa Mwigobero huanikwa mchangani. Baba akauliza kwa nini wasijenge vichanja, wanyooshe nyavu juu ya miti, upepo upite chini, na mvua ikija wafunike kwa turubai. Jeska akasema maneno ni rahisi. Kesho yake baba akarudi na panga na kamba, akaanza kukata miti. Siku nzima alifanya kazi peke yake huku wakimcheka. Siku ya pili Jeska akaona aibu, akashika upande wa pili wa wavu.

Sasa kuna vichanja sita. Wale kina mama wamemfanya mkaguzi wa kikundi chao. Sitaki kuwadanganya tena, si kazi ya kututajirisha, na mama bado anashona hadi jioni. Baba nyumbani hajawa malaika pia. Ila anatoka asubuhi, anarudi amechoka, na anacheka.

Jumamosi iliyopita nilikwenda kumsaidia kugeuza dagaa. Jua lilikuwa kali, mikono yetu inanuka, na Jeska na wenzake wanapiga soga kwenye kichanja cha pili. Nilimuuliza jambo nililokuwa nalo moyoni tangu siku ile ya fomu.

“Baba, watu wakiniuliza unafanya kazi gani, niseme nini?”

“Sema ukweli,” alisema. “Sema baba alipoteza kazi kiwandani, akakaa miezi saba akiwasumbua watu, sasa anakagua dagaa Mwigobero.” Aligeuza konzi mbili tatu kabla ya kuendelea. “Rhobi, mimi nilikosea. Kiwanda kilikuwa cha wenyewe, wakakifunga. Ujuzi wa samaki ulikuwa wangu, hakuna aliyekuja kuuchukua. Nilivichanganya vitu hivyo viwili, nikajiona nimefungwa na lile kufuli. Ukubwani ukipoteza kazi, lia siku mbili, kisha tazama mikono yako bado inajua nini.”

“Ndiyo, baba.”

“Na wewe pia ulikosea, nataka ulielewe kosa lako. Walinzi wa Bunda walinicheka, hilo nimelisahau, hawanijui. Kilichoniuma ni kwamba mtoto wangu mwenyewe alinitazama nilivyo, akaona sifai kutajwa, akaenda kutunga baba mwingine. Ukimsemea mtu uongo ili aonekane mkubwa, yeye anasikia kwamba alivyo ni mdogo.”

Sikuwa nimewaza hivyo hata siku moja. Siku zote nilidhani kosa langu lilikuwa ile safari ya bure. Niliacha dagaa, nikamwomba baba msamaha palepale, kwa sauti ya kusikika, mbele ya Jeska na wale kina mama wote, kwa kuwa nilipomkana nilifanya hivyo mbele ya watu.